Injinia anasema bomoa, fundi anasema pandisha: bangalo ya mzee Section 58 itabeba ghorofa?

#1 BabaTasha
Wadau wa mjengo, salama. Nina nyumba ya mzee hapa Section 58, Nakuru. Ni bangalo ya vyumba vitatu iliyojengwa miaka ya sabini. Kuta za nje ni mawe ya inchi tisa, za ndani inchi sita, juu kuna yale mabati ya simenti ya kijivu, madirisha ni ya chuma yaliyoshika kutu, na sakafu ni ile nyekundu ambayo mama bado anaipaka nta kila Jumamosi. Tumebanana: mimi, mke, watoto wanne na mama. Ploti ni robo eka, lakini mama hataki sukuma wala miparachichi yake iguswe, kwa hivyo njia iliyobaki ni kwenda juu.

Fundi anasema tutoe paa, tumwage slabu juu ya kuta zilizopo, tupandishe vyumba vinne, na kabla ya Krismasi watu wanahamia. Anaapa kuta za inchi tisa hubeba chochote. Halafu nikaita injinia, kijana mpole tu. Akachimba shimo pembeni ya msingi, akachungulia, akapiga picha, akasema ghorofa hapa haiendi. Nibomoe nianze upya au nisahau.

Nahisi injinia anatafuta kazi kubwa. Nahisi pia fundi anatafuta kazi yoyote. Na kuna ufa kwenye ukuta wa sebule: unaanzia kona ya juu ya dirisha, unapanda kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya mawe hadi kwenye paa. Sarafu ya shilingi kumi inaingia ikisimama. Nani ananidanganya?

#2 Chuma_Nane
Pandisha bwana. Nyumba za zamani zilijengwa na watu waliojua kazi, si hizi za sasa ambazo simenti inanuswa tu halafu inarudishwa stoo.

#3 Mhandisi_Mtulivu
BabaTasha, swali si unene wa ukuta, ni kile ukuta umesimama juu yake. Sijaona nyumba, kwa hivyo chukua hesabu hii kama picha tu.

Chukua sakafu ya juu ya mita mraba 100, slabu ya milimita 150. Hiyo ni mita 15 za ujazo za zege, na zege lenye chuma ni tani mbili na nusu kwa kila mita ya ujazo. Tayari umeweka tani 37 na nusu juu ya nyumba iliyozoea kubeba mbao na mabati. Sasa weka kuta za nje za ghorofa. Mzunguko ukiwa mita 40, urefu wa kwenda juu mita 2.7, mawe ya milimita 200, hapo kuna tani nyingine takriban 40. Bado kuta za ndani, plasta, vigae, paa, vitanda na hao watoto wanne wakicheza mchezo wa kati huko juu.

Ukuta wa mawe ya inchi tisa unaweza kabisa kuhimili mzigo huo. Msingi uliomwagwa kwa ajili ya bangalo, na udongo ulio chini yake, hiyo ni hadithi nyingine. Injinia alipima nini kwenye lile shimo?

#4 Kiamunyi_Juu
Jirani yangu alimsikiliza fundi. Slabu ilimwagwa vizuri, watu wakala mbuzi siku ya kumwaga. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita, milango ya chini ikaanza kukwama. Akawaita mafundi wairande. Wakairanda, ikakwama tena. Sasa ukifunga mlango wa jikoni, juu kuna mwanya wa vidole viwili upande mmoja na upande wa pili hamna hata wa karatasi. Ghorofa ipo, wanaishi ndani, haijaanguka. Lakini usiku mimi singelala pale.

#5 Chuma_Nane
Kwa hivyo haijaanguka. Asante kwa ushahidi.

#6 BabaTasha
Mhandisi, shukrani. Alipima upana wa msingi, ni kama futi mbili. Zege lenyewe la msingi ni inchi sita, na sehemu moja alipogonga na nyundo kokoto zilitoka zikiwa safi kama hazijawahi kuona simenti. Chini yake ni ule udongo wetu wa kijivu, mwepesi, ukiushika unamwagika kati ya vidole. Halafu alipanda juu ya silingi akasema hakuna bimu inayozunguka nyumba, kuna linta juu ya madirisha na milango basi.

#7 Mhandisi_Mtulivu
Basi huyo kijana hakudanganyi. Mahali ambapo namkatalia ni aliposema "bomoa au usahau". Njia ziko zaidi ya mbili.

#8 Fundi_wa_Lanet
Naona mafundi tunasemwa hapa. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na fundi wa kweli hamwagi slabu juu ya ukuta wa zamani. Unachimba besi, yaani misingi ya nguzo, unasimamisha nguzo za zege, bimu zinapita juu ya nguzo, slabu inakaa juu ya bimu. Nyumba ya chini inabaki kama ilivyo, haijui hata kama kuna mtu anaishi juu yake. Kuta za zamani zinakuwa za kuzuia upepo tu. Nani amebomoa?

#9 Mhandisi_Mtulivu
Fundi wa Lanet, hapo tuko pamoja, hiyo ndiyo njia niliyotaka kuitaja. Lakini tumwambie na machungu yake.

Kwanza, besi zinachimbwa kando ya msingi uliopo, na besi ya ghorofa mara nyingi inashuka chini kuliko msingi wa bangalo. Ukichimba zote kwa siku moja kwenye udongo unaomwagika, ukuta unabaki umesimama hewani. Unachimba moja, unamwaga, unaacha ishike, ndipo uende ya pili iliyo mbali na ya kwanza. Ni kazi ya polepole na fundi aliyekubaliana bei ya jumla haipendi.

Pili, nguzo za nje peke yake hazitoshi. Nyumba ya upana wa mita nane au tisa inataka nguzo katikati pia, ama bimu nene mno. Nguzo za katikati zinapita sebuleni na kwenye korido, na sakafu nyekundu ya mama inakatwa mashimo.

Tatu, gharama. Ukishalipa besi, nguzo, bimu na slabu, umelipa sehemu kubwa ya mifupa ya nyumba mpya. Kilichookolewa ni kuta za chini, na kuta ndizo rahisi katika jengo lolote.

#10 NyarKano
Nawasoma kutoka Kisumu nacheka. Nyinyi watu wa Nakuru mna ufa mmoja mnafungua uzi. Huku Kano kuta zinapumua. Nyumba yetu iko kwenye udongo mweusi: Januari ufa unafunguka mkono unaingia, mvua ya Aprili ikinyesha unajifunga wenyewe mpaka unasahau ulikuwa wapi. Udongo ule ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyumba inafuata. BabaTasha, ufa wako unabadilika na msimu? Kama ndiyo, ni udongo tu. Tulifundishwa kuutoa wote mweusi na kujaza maram kabla ya msingi. Aliyeruka hiyo hatua anaishi na nyufa.

#11 Araap_Njoro
Hapana dada, hapa hatuna udongo wenu. Nakuru iko ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Menengai. Sisi tuna mipasuko ya ardhi yenyewe. Mvua kubwa ikinyesha, mahali ambapo jana palikuwa na njia leo ni bonde. Tena hapa tulikuwa na tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya, lile la Subukia la 1938. Huo ufa ni wa tetemeko.

#12 Mwalimu_Mstaafu58
Ni 1928, tarehe 6 Januari, na lilikuwa la 6.9. Sasa Araap, nyumba imejengwa miaka ya sabini. Tetemeko liliisubiri?

#13 Araap_Njoro
Mwalimu, ardhi iliyopasuka 1928 bado imepasuka. Nyumba ndiyo iliifuata. Sibanduki.

#14 Kiamunyi_Juu
😂😂 Araap habanduki hata ardhi ikibanduka.

#15 Mhandisi_Mtulivu
Araap ana nusu ya ukweli ambayo tusiicheke. Udongo wa Nakuru sehemu nyingi ni jivu la volkeno. Ukiwa mkavu unashikilia vizuri, mtu anauona kama mgumu. Ukilowa sana unaporomoka kwa ndani. Mipasuko inayoonekana baada ya mvua ni maji yanayobeba huo udongo mlegevu na kuupeleka chini kwenye nyufa za zamani zilizofunikwa. Kwa hivyo Nakuru adui ni maji yanayoingia mahali pamoja, kuliko hata uzito. Swali langu: maji ya paa yanamwagika wapi?

#16 MamaWawili
Na mimi nauliza la pili: choo kinaenda wapi? Kama ni septiki ya miaka ya sabini, iko upande gani wa nyumba? Sisi kwetu Naka tulipambana na ufa, tukaambiwa mizizi ya jakaranda, tukaukata mti wa watu. Ufa ukaendelea. Mwishowe ikaonekana ni bomba la choo lililovunjika chini ya kibaraza, linamwaga pale pale siku zote. Mti ulikufa bure.

#17 Mpenda_Mapafu
Mnaongea nyufa na kuna kitu kimewapita. BabaTasha #1 amesema "mabati ya simenti ya kijivu". Yale ya mawimbi makubwa, mazito, yanavunjika yakidondoka? Kama ni ya miaka ya sabini basi uwezekano mkubwa ni asbesto. Kenya ilishaipiga marufuku 2006. Ikiwa juu imetulia na haijavunjika haina shida sana. Shida ni kuikata, kuitoboa, kuipiga nyundo na kuitupa chini. Vumbi lake ni nyuzi ndogo ambazo huzioni, zinakaa kwenye mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka ishirini au thelathini. Inatolewa ikiwa imeloweshwa maji, ikiwa nzima, watu wamevaa barakoa za kazi hiyo na si kitambaa, inafungwa kwa nailoni na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wana utaratibu wake. Fundi alikuambia ataitoaje?

#18 BabaTasha
Fundi alisema vijana wawili na nyundo, asubuhi moja.

Majibu mengine: septiki iko nyuma ya ukuta huo huo wa sebule wenye ufa. Maji ya paa hayana gata upande huo, ilianguka zamani, yanamwagika chini ya dirisha. Sikuwahi kuviunganisha. NyarKano, msimu sijaangalia.

#19 NyarKano
Umeona! Ufa wa maji. Nilisema.

#20 MamaWawili
Wewe ulisema udongo unavimba, mimi ndiye nilisema septiki. Tusigawane sifa kwa nguvu.

#21 Fundi_wa_Lanet
Kabla hamjamalizana: gundi kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta, kimoja chini kimoja karibu na paa, uandike tarehe kwa penseli. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Kikikaa mvua yote na kiangazi chote bila kupasuka, ufa ni wa zamani na umelala. Tengeneza gata kwanza lakini, la sivyo unapima gata.

#22 Omwami_wa_Lurambi
Mimi nilikuwa na shida hii hii Kakamega na sikugusa bangalo. Nilijenga kando yake jengo jipya la ghorofa, nyembamba: chini jikoni na sebule kubwa, juu vyumba vitatu na bafu. Bangalo ikabaki vyumba vya wazee na wageni, nikatoboa mlango mmoja wa kuunganisha. Msingi mpya ni wa kwake, wa zamani ni wa kwake, katikati tumeacha mwanya wa inchi moja uliojazwa kitu laini ili kila mmoja atikisike peke yake. Tuliishi ndani wakati wote wa mjengo. Ukibomoa ama ukipandisha juu, familia itakaa wapi? Kodi ya nyumba ya watu saba hamjaipigia hesabu.

#23 Kiamunyi_Juu
Omwami, na pale paa la zamani linapokutana na ukuta mpya, mvua ikinyesha vipi? Sema ukweli.

#24 Omwami_wa_Lurambi
Pale ni pale. Tumeziba mara kadhaa. Kuna sufuria ina makao yake ya kudumu.

#25 NyarKano
Ndiyo ya kupikia ingokho, kuku wenu, hiyo?

#26 Omwami_wa_Lurambi
Ingokho ina sufuria yake, usilete dharau. Njoo Desemba uone.

#27 Chuma_Nane
Sasa huyu alikuja kuuliza ghorofa, mmempa septiki, mapafu na kuku. Kumbe kujenga nyumba siku hizi ni kusomea digrii. Babu yangu alipima kwa kamba na nyumba iko.

#28 Mwalimu_Mstaafu58
Babu yako alijenga ghorofa?

#29 Wakili_wa_Bahati
Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza la karatasi. Kubadilisha bangalo kuwa ghorofa si ukarabati, ni mjengo mpya machoni pa sheria. Unahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Michoro inachorwa na msanifu aliyesajiliwa, ya nguzo na slabu inatiwa sahihi na injinia aliyesajiliwa, na mradi unasajiliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Zile kanuni za ujenzi za 1968 nazo zimepisha mpya za 2024. Kujenga bila kibali ni kosa: faini hadi nusu milioni, au kifungo, au vyote viwili.

#30 Chuma_Nane
Kifungo mwaka mmoja kwa kupanua nyumba yako mwenyewe, nchi hii.

#31 Wakili_wa_Bahati
Nani amesema mwaka? Hadi miezi miwili. Lakini amri ya kubomoa ndiyo inauma kuliko faini. BabaTasha, umeandika "nyumba ya mzee". Hati iko kwa jina la nani?

#32 Mama_Ngazi
Wakati anatafuta jibu, na mimi niulize: mama atalala wapi na ngazi itapita wapi? Wanaume mnachora vyumba vya juu, mnakumbuka ngazi siku ya kumwaga slabu. Kutoka sakafu hadi sakafu ukiwa na mita tatu, vidato ni kumi na nane vya milimita 167 hivi. Ngazi ya moja kwa moja itakula zaidi ya mita nne za urefu. Ya kukunja na kituo katikati itakula kama mita mbili kwa tatu. Kwenye bangalo ya vyumba vitatu, hicho ni chumba kizima kimekwenda. Umeongeza vinne juu, umepoteza kimoja chini, na kilichopotea huenda ndicho cha mama. Wengine hubana: wanaweka vidato vya inchi tisa kwenda juu, mtoto anapanda kwa magoti na mgeni mzee anabaki chini anaongea na watu kwa kupaza sauti.

Ngazi ya nje ni rahisi, lakini basi umejenga nyumba mbili, na jioni ya mvua mtoto anataka uji inabidi achukue mwavuli.

#33 Bomba_Mia
Naongeza dogo. Tangi lako la maji liko juu ya nini? Bangalo nyingi tangi liko kwenye stendi ya chuma mita nne hivi, inatosha kwa bafu la chini. Ukipandisha, kichwa cha shawa ya juu kitakuwa mita tano na zaidi kutoka chini. Maji hayapandi mlima. Inabidi stendi mpya ndefu, ama tangi liwekwe juu ya slabu (na tangi la lita elfu mbili ni tani mbili, Mhandisi andika hapo), ama pampu ya presha, na stima ikipotea mnaoga chini na beseni. Bomba za zamani za chuma pia kata utazame ndani. Kutu huziba mpaka kunabaki tundu la penseli.

#34 Mhandisi_Mtulivu
Nimeandika.

#35 Mbao_na_Bati
Na kwa nini lazima zege? Tani 37 za slabu ni za nini kwa vyumba vya kulala? Weka sakafu ya mbao zilizotiwa dawa juu ya bimu za chuma, kuta za juu ziwe paneli nyepesi. Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda chake cha paneli za EPS kule Mavoko, zile za povu jeupe katikati ya wavu wa chuma, zinapigwa plasta pande zote mbili. Uzito ni sehemu ndogo ya ukuta wa mawe. Injinia angepiga hesabu ya hivyo huenda hata ule msingi ungekubali kwa kuongezwa kidogo tu.

#36 Fundi_wa_Lanet
Mteja wa Nakuru akigonga ukuta ukalia kama debe anakunyima salio lako. Nimeshuhudia. Watu wanataka jiwe.

#37 Mbao_na_Bati
Ukipigwa plasta vizuri haulii. Wateja wako wanagonga kwa sababu mafundi mmewafundisha kugonga.

#38 Mhandisi_Mtulivu
Wazo la uzito mdogo ni zuri na kwa nyumba hii ningelichora kabla ya yote. Lakini halifuti kazi ya chini. Bado unataka bimu inayozunguka kuta zote, maana bila hiyo kila ukuta unasimama peke yake. Nyumba nyepesi juu pia upepo unaitaka, paa lazima lifungwe hadi chini kwa chuma, si misumari tu. Na septiki ihamishwe iwe iwavyo.

#39 Kiamunyi_Juu
Swali la kijinga: kwa nini injinia hakumwambia haya yote?

#40 Fundi_wa_Lanet
Kwa sababu alilipwa pesa ya kuja kuangalia tu. Pesa ya kuchora bado.

#41 Mwalimu_Mstaafu58
Au kwa sababu ni kijana, na "hapana" ndiyo jibu lisilomfunga mtu.

#42 Mpenda_Mapafu
Au aliona asbesto, ufa, septiki na msingi kwa saa moja akachoka kwa niaba ya mwenye nyumba.

#43 BabaTasha
Nimerudi. Hati iko kwa jina la mzee, aliyefariki. Mirathi hatujafungua. Tuko watano, dada zangu wawili wako Eldoret na Mombasa. Jana niliwaambia kwenye simu kwamba napandisha ghorofa. Mmoja akasema hongera. Wa pili akanyamaza, halafu akauliza, "Unapandisha ya nani?"

Kuhusu ngazi: nilimchorea mama kwenye karatasi. Akaangalia, akauliza mbona ngazi inapita kwenye kabati lake la vyombo.

#44 Wakili_wa_Bahati
Swali la dada yako ndilo lile langu la #31. Usitoe hata bati moja. Mkishafungua mirathi, na mkakubaliana kwa maandishi nani anapata nyumba na nani analipwa nini, hapo ndipo msanifu aitwe. Ukiweka mamilioni yako juu ya kuta ambazo kwa karatasi bado ni za marehemu, siku ya kugawana thamani yote inaingia chunguni, na yako ndani. Nimeziona familia zikiongea kupitia mawakili kwa ajili ya veranda tu.

#45 NyarKano
Huku kwetu ungeulizwa mapema zaidi. Mtoto wa kiume anajenga simba yake (nyumba ndogo ya kijana kwa baba), baadaye anatoka anaanzisha dala yake (boma lake mwenyewe). Kukaa kwa baba ukiinua paa lake, wazee wangekuita kando.

#46 Araap_Njoro
Hiyo ni nyumbani kijijini, NyarKano. Hii ni ploti ya mjini yenye bili ya maji. Mila ya mjini ni hati.

#47 NyarKano
Wee, kuna wazee wa Milimani Kisumu wangekukatalia hilo mpaka usiku.

#48 Omwami_wa_Lurambi
Ndiyo maana mimi nilijenga kando. Cha mzee ni cha mzee, changu ni changu, mwanya wa inchi moja katikati.

#49 Mama_Ngazi
Na sufuria.

#50 BabaTasha
Nimewasikia. Kwa sasa natengeneza gata na kuita watu wa kunyonya septiki. Vioo nimeshagundisha, viwili, kama alivyosema Fundi wa Lanet. Dada yangu wa Mombasa anakuja Pasaka tuongee mirathi. Injinia nimempigia, nimemuuliza bei ya kuchora sakafu nyepesi ya #35. Amesema inawezekana lakini bado yeye angebomoa. Fundi wangu naye amesema wote mnaogopa.

#51 Araap_Njoro
Vioo vikivunjika mjue ni Subukia.

#52 Milango_ya_Zamani
Samahani kuingilia. Nyumba za miaka hiyo milango huwa ya mvule mzito. Ukibomoa au ukipandisha, unauza? Nalipa vizuri, nabeba mwenyewe, nakuachia hata bawaba.

#53 BabaTasha
Ya vyumba tutaongea baada ya Pasaka. Wa mbele usiulize.

#54 Chuma_Nane
Na hayo mabati ya kijivu mkitoa msitupe. Nina zizi la nguruwe huku Bahati linavuja.

#55 Mpenda_Mapafu
Chuma Nane, rudi #17. Soma polepole.

#56 Chuma_Nane
Nimesoma. Nguruwe hawakati wala hawatoboi.

#57 Mpenda_Mapafu
Na atakayeyapigilia misumari ni nguruwe?